Udongo Usioulizwa: Historia ya Kupima Unyevu na Siasa ya Zamu ya Maji

Katika skimu nyingi za umwagiliaji nchini mwetu, mkulima humwagilia shamba lake kwa sababu zamu yake ya maji imefika. Kama udongo ulio chini ya mizizi ya nyanya zake bado una unyevu wa kutosha siku nne zaidi, hilo halibadili chochote. Mfereji ukifunguliwa leo naye asiyachukue maji, hana hakika kwamba yatarudi siku atakayoyahitaji. Kwa hiyo huyachukua. Jirani yake wa chini hufanya vivyo hivyo, na aliye mkiani mwa mfereji hukuta tope. Ukimwuliza bwana shamba sababu ya upungufu huo, atakuambia kwamba wakulima hawana elimu. Ukiwauliza wakulima, watakuambia kwamba maji hayatoshi. Makala haya yanadai kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na kwamba mzizi wa tatizo ni wa kihistoria: kwa muda wa takriban miaka mia moja, maarifa ya kuupima unyevu wa udongo na mamlaka ya kuamua maji yafunguliwe lini yamekaa katika mikono tofauti.

Kabla ya chombo: kiganja na baraza

Umwagiliaji katika ardhi yetu haukuletwa na mkoloni. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, huko Engaruka, yapo mabaki ya mashamba yaliyopangwa kwa mawe na kulishwa kwa mifereji, yakienea takriban hekta 2,000, ambayo yalistawi kati ya karne ya 15 na ya 18. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifongo iliyoteka maji ya vijito vya juu na kuyapeleka kwenye migomba na, kwenye ardhi ya chini iliyo kame zaidi, kwenye ulezi wa kiangazi. Wapare walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo yaliyokusanya maji usiku ili yatoshe kugawanywa mchana. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Wabatemi, walikuwa na baraza la wenamiji lililosimamia mgao wa maji ya chemchemi katika kila kijiji.

Katika jamii hizi zote kipimo cha unyevu kilikuwa kiganja cha mkono. Mkulima huchimba hadi kina cha mizizi, huchota udongo, kisha huukamata na kuukaza. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu hufanya donge na, ukisukumwa kwa kidole gumba, hujinyoosha kama utepe. Ukikauka huvunjika vipande vigumu. Udongo wa kichanga hautoi utepe hata ukiwa na maji, na donge lake huporomoka kwa kuguswa. Mwenye shamba lake anaujua udongo wake jinsi mpishi anavyoujua ugali ulioiva. Njia hii ingali inafundishwa na wataalamu wa kilimo duniani kote, maana ni ya bure na, kwa mkono uliozoea, inakaribia ukweli.

Jambo la kuzingatia hapa ni mahali maarifa hayo yalipofikishwa. Aliyeshika udongo asubuhi ndiye aliyeketi barazani jioni, au ndugu yake, au mzee wa ukoo uliochimba mfereji. Ombi la kuongezewa zamu lilisikilizwa na watu waliolijua shamba linalosemwa. Aliyekwepa kazi ya kuzibua mfereji alijulikana na alitozwa faini.

Si nia yangu kuupamba wakati uliopita. Mabaraza haya yalikuwa ya wanaume. Miongoni mwa Wasonjo, wenamiji waliurithi wadhifa wao na walikuwa na haki ya kwanza ya maji. Wasiokuwa na haki hiyo iliwabidi kuomba au kulipa. Kulikuwa na wenye kunyweshewa na wenye kusubiri. Hata hivyo, dhuluma hiyo ilikuwa na uso na jina, na mtu aliyedhulumiwa alijua ni mlango gani wa kuubishia hodi.

Maabara yagundua swali sahihi

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanasayansi wa Magharibi walianza kuuliza jambo ambalo kiganja kilikuwa kikilijibu bila kulieleza: kwa nini mmea hunyauka katika udongo mmoja wenye maji mengi, na kustawi katika udongo mwingine wenye maji machache? Mwaka 1912, Briggs na Shantz wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu kiwango cha unyevu ambacho mmea hunyauka kikifikiwa, na wakaonesha jinsi kiwango hicho kinavyotofautiana kati ya udongo mmoja na mwingine. Mfinyanzi unaweza kuwa na maji mengi lakini ukayashikilia kwa nguvu kiasi kwamba mzizi unashindwa kuyavuta. Kichanga huwa na maji kidogo, lakini hukiachia karibu chote.

Kutokana na hapo, swali halikuwa tena udongo una maji kiasi gani. Lilikuwa ni mzizi unahitaji kuvuta kwa nguvu kiasi gani. Lorenzo Richards, katika utafiti wake wa mwaka 1931, aliweka msingi wa hesabu wa mwendo wa maji katika udongo ambao haujashiba, msingi unaotumika hadi leo. Chombo kinachoitwa tensiomita, yaani mrija uliojazwa maji wenye kikombe cha udongo wa kuchoma mwishoni, kiliwawezesha watu kusoma nguvu hiyo ya mvuto shambani. Mwaka 1940 Bouyoucos na Mick wakatoa kipande cha jasi chenye nyaya mbili: kadiri udongo unavyokauka, umeme hupita kwa shida zaidi. Mwaka 1948 Howard Penman wa Uingereza akaonesha namna ya kukadiria maji yanayopotea hewani kwa kutumia jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Miaka ya 1950 ilileta kipimo cha nyutroni, na mwaka 1980 Topp na wenzake wakaeleza jinsi ya kupima maji ya udongo kwa mawimbi ya umeme.

Sayansi hii haikukaa Ulaya na Marekani pekee. Katika kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, nchini Kenya, Charles Pereira na wenzake walipima maji ya udongo chini ya misitu, chai, mianzi na mashamba ya kawaida, wakilinganisha mabonde ya Kericho, Kimakia na Mbeya. Matokeo yao ya awali, yaliyotolewa mwaka 1962, ni miongoni mwa kazi muhimu za haidrolojia ya nchi za joto. Lakini tujiulize: takwimu zile zilimfikia nani? Zilimfikia mkurugenzi wa misitu, meneja wa shamba la chai na mhandisi wa maji. Mkulima wa mfereji wa Mbeya hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Kipimo kilikuwa kimezaliwa, kikawa mtumishi wa ofisi.

Kongwa: udongo usioulizwa

Iwapo kuna tukio moja linaloonesha gharama ya kuamua juu ya udongo kutoka mbali, ni mradi wa karanga wa Tanganyika. Mwaka 1946, ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza mahali pa kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula, ambayo yalikuwa haba Uingereza baada ya vita. Ujumbe ulikaa Afrika wiki tisa. Kwa msingi wa taarifa yake ilipangwa kulimwa zaidi ya ekari milioni tatu katika miaka sita, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947.

Habari za matrekta yaliyovunjika na mibuyu iliyogoma kung'oka zimesimuliwa mara nyingi, na zinachekesha. Zinaficha jambo la msingi. Mfinyanzi wa Kongwa ukipata mvua hulainika, na ukipigwa na jua hukaza kama sakafu. Karanga ni zao linalotunga matunda yake chini ya ardhi: ua likishachavushwa, kikonyo chake hushuka na kuingia udongoni. Udongo ukishakuwa sakafu, kikonyo hakiingii vizuri, na karanga zilizokwisha kukomaa hazichimbuliki. Isitoshe, mvua za Ugogo ni za kubahatisha, na ukame ukaja kuongezea. Mwezi Januari 1951 mradi ulitangazwa kufutwa, na hasara iliyobebwa na mlipakodi wa Uingereza ilizidi pauni milioni 35.

Wagogo waliishi katika udongo huo huo kwa vizazi vingi. Walilima mtama na uwele, mazao yanayostahimili kukatika kwa mvua, na walifuga, kwa sababu walijua kwamba katika nchi ile kutegemea shamba peke yake ni kucheza kamari. Ujuzi wao ulikuwepo umbali wa hatua chache kutoka kwenye kambi za mradi. Kilichokosekana ni utaratibu wowote wa kuufanya ujuzi huo uwe na uzito mbele ya mpango uliokwisha kuandikwa London.

Usangu: hati badala ya kipimo

Uhuru haukuondoa desturi hiyo, uliirithi. Sheria ya maji ya mwaka 1959, na kisha ile ya mwaka 1974, ziliweka maji chini ya dola na kumtaka mtumiaji awe na hati. Katika bonde la Usangu, ambako Wabaluchi walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia wakati wa ukoloni, yaliongezeka mashamba makubwa ya serikali, kama lile la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na kando yake maelfu ya majaruba ya wakulima wadogo.

Kisha, kuanzia mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kila kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Miaka hiyo hiyo nchi ilikuwa ikitaabika kwa mgawo wa umeme, kwa kuwa bwawa la Mtera, linalohifadhi maji ya Kidatu, lilishuka. Mshitakiwa alipatikana upesi: mkulima wa mpunga wa Usangu, na baadaye mfugaji. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza akiwa London dhamira ya serikali kuurudishia mto huo mtiririko wa mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Usangu kwa nguvu pamoja na mifugo yao.

Hukumu hii ilitolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa, na ushahidi ulipokuja ulikuwa na sura nyingine. Watafiti waliofanya kazi bondeni humo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionesha kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, ilhali kukauka kwa mto hifadhini ni jambo la kiangazi. Kwa hiyo maji ya kiangazi yanayochukuliwa Usangu hayawezi kueleza peke yake kwa nini taa zilizimika Dar es Salaam. Namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa ilikuwa sehemu kubwa ya jibu. Kuhusu kukauka kwa mto, umwagiliaji wa kiangazi ulihusika kweli. Lakini hata hapo, mabanio ya zege yaliyojengwa kwa fedha za wafadhili kwa jina la kuboresha umwagiliaji yaliwezesha kuteka maji mengi zaidi ya kiangazi kuliko yale ya zamani ya miti na mawe, ambayo yalivuja na kuwaachia walio chini chochote kitu.

Hati nazo zilileta kinyume cha kilichotarajiwa. Ada ilitozwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi. Hakuna aliyepima kilichopita mferejini, sembuse kilichobaki udongoni. Mtu akilipia kiasi fulani cha maji kwa mwaka mzima, mantiki yake ni kuyachukua mwaka mzima, kuna mazao au hakuna. Tulitunga sheria ya matumizi ya maji ambayo haikujua maji yanatumikaje, kisha tukamwadhibu mtumiaji kwa kuitii.

Kinyonga wa Kiwere

Katika mazingira hayo ndipo tunapaswa kukielewa chombo kidogo kilichofika Iringa katika muongo uliopita. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Australia na kuhusisha Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe uliwapa wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi vifaa vya kupimia unyevu. Kimojawapo, kilichobuniwa na Richard Stirzaker na wenzake, kimepewa jina la kinyonga kwa sababu huzungumza kwa rangi. Vihisio hufukiwa katika vina mbalimbali vya mizizi. Mkulima huunganisha kisomaji, na taa huwaka: buluu ikiwa udongo umelowa, kijani ikiwa una unyevu wa kutosha, nyekundu ikiwa mzizi umeanza kuvuta kwa taabu. Hakuna namba ya kusoma, hakuna kilopaskali za kukariri. Na kwa kuwa kifaa hupima nguvu ya mvuto, taa nyekundu ina maana ile ile kwenye kichanga na kwenye mfinyanzi.

Yaliyotokea Kiwere yameandikwa na watafiti, nayo yanastahili kusomwa na kila mtunga sera. Wakulima waligundua kwamba walikuwa wakimwagilia udongo ambao bado ulikuwa buluu. Walijifunza pia kwamba maji ya ziada hayakai yakingoja: hushuka chini ya mizizi yakiondoka na mbolea. Mkulima aliyenunua mfuko wa urea kwa fedha ya mkopo alikuwa akiuzamisha ardhini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akishangaa majani yanavyogeuka manjano. Wengi wakapunguza idadi ya kumwagilia, na mavuno hayakushuka, yaliongezeka. Muda uliookolewa ukaingia katika shughuli nyingine za kipato. Maji yakafika mkiani mwa mfereji, na ugomvi wa maji ukapungua.

Matokeo haya yasitufanye tukiabudu chombo. Mradi huo huo uliunda majukwaa ambamo wakulima, wafanyabiashara, maofisa wa wilaya na watafiti walikaa pamoja kujadili masoko, pembejeo na ramani za mashamba. Taa ya buluu peke yake haina nguvu. Hupata nguvu pale mwenye zamu anapoweza kuiruka akiwa na hakika kwamba wenzake watamrudishia maji taa itakapogeuka nyekundu. Hakika hiyo haiuzwi dukani. Ni kitu kinachojengwa na watu, na ndicho kilichokuwa moyo wa baraza la mfongo.

Maji yaliyookolewa ni ya nani?

Hapa ndipo lilipo swali ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Mkulima akipunguza kumwagilia, maji yaliyobaki ni mali ya nani? Zipo njia tatu. Yanaweza kubaki ndani ya skimu na kutumika kupanua mashamba, na hapo mto hautapata tone la ziada. Yanaweza kwenda kwa wakulima wa mkiani, na hapo haki imeongezeka ingawa mto umebaki ulivyokuwa. Au yanaweza kurudi mtoni, yaende hifadhini na Mtera. Kiwere inanyweshwa na Ruaha Mdogo, tawi linaloingia Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Kwa hiyo swali hili linahusu taa za miji yetu moja kwa moja.

Tena ipo hesabu ya pili. Sehemu ya maji yanayoitwa "yaliyopotea" katika shamba la juu hurudi kwenye mkondo na kumwagilia shamba la chini. Ukiziba upotevu huo wa juu, huenda umemnyang'anya wa chini maji yake bila kujua. Kuokoa shambani si lazima kuwe ni kuokoa bondeni. Anayeahidi kwamba vihisio pekee vitaufufua mto anarudia kosa la Kongwa kwa vifaa vya kisasa zaidi.

Kutokana na historia hii ninatoa mapendekezo matatu. La kwanza, ratiba za skimu zipewe nafasi ya kubadilika. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013, ijenge mifereji yenye milango inayoweza kufunguliwa kwa mahitaji, na iviachie vyama vya wamwagiliaji mamlaka ya kuahirisha na kubadilishana zamu kwa maandishi. Kumpa mkulima kipimo bila kumpa uhuru wa kukifuata ni kumwonesha mgonjwa cheti cha daktari na kumfungia dawa kabatini.

La pili, takwimu za unyevu zinazokusanywa shambani zibaki kwanza mikononi mwa mwenye shamba. Leo zinaweza kutumwa kwa simu hadi kwenye kompyuta iliyo mbali kabisa na mfereji. Ni jambo jema kwa utafiti. Lakini tumeona katika Usangu jinsi taarifa za nusu zinavyogeuzwa kuwa hati ya mashitaka. Takwimu zitumike kwanza katika mkutano wa wakulima, ndipo ziende katika ofisi ya bonde.

La tatu, kabla ya kueneza vifaa hivi katika bonde lolote, makubaliano yafanyike kwa uwazi juu ya mgao wa maji yatakayookolewa: kiasi gani cha mkiani, kiasi gani cha mto. Makubaliano hayo yawashirikishe wafugaji na wanawake, ambao mabaraza ya kale na ofisi za kisasa zimekubaliana vizuri mno kuwasahau.

Nchi yetu ina mipango mikubwa ya umwagiliaji, na kila bajeti inataja hekta mpya. Ni sawa. Lakini hekta huhesabiwa kwa mita za mfereji uliojengwa, ilhali zao huhesabu siku ambazo mzizi umepata maji bila taabu. Mkulima mwenye kuijua hesabu hii ya pili yupo katika kila skimu, na sasa anaweza kuionesha kwa taa ya rangi tatu. Kinachobaki ni kuandika katika kanuni za kila skimu kwamba anachokiona kwenye udongo wake ni sababu halali ya kuufungua mfereji, au kuuacha umefungwa.